Kelele Siyo Nguvu, Staa Wetu!

Wana Chuga, leo naongea bila kumung'unya maneno. Kuna staa mmoja, jina kapuni, kapanda na pikipiki lake la matairi manne kutoka Dar. Kakata ekzosi, kang'oa chujio la hewa, na sasa kila wikiendi anatuamsha Njiro saa nane usiku. Eti kaongeza nguvu!

Nguvu ipi, kaka? Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa Dar inamwaga mafuta mengi kwa hewa kidogo: moshi mweusi, injini nzito. Hapo inatakiwa jeti ndogo. Ila ukikata ekzosi na kutoa chujio, mambo yanageuka. Hewa inazidi, injini inachemka, mwisho pistoni inatoboka. Hapo sasa inatakiwa jeti kubwa.

Sasa ya kwako ipi? Fundi wa kweli hakisii. Anafunga jeti, anaendesha, anachomoa plagi na kuisoma: nyeusi, mafuta yamezidi, nyeupe, yamepungua, kahawia, umepata.

Na bila chujio, vumbi la volkano la Meru linaingia moja kwa moja kwenye silinda. Msasa ule!

Kwa hiyo bro, hizo siyo nguvu. Ni injini yako inakufa huku watoto na wagonjwa wanashtuka usingizini. Rudisha ekzosi, mlipe fundi. Hela si unayo?

Wadau, nimekosea? Tiririka hapo chini.