Mtaa wa Kufikia Mombasa

Likizo ya askari ni fupi, na aghalabu huja baada ya miezi mingi ya kuwa mbali na nyumba yake. Wako watoto wanaomjua baba yao kwa sauti ya simu kuliko kwa sura. Kwa hiyo familia ya Uganda iliyojiwekea akiba ikaamua kwenda kuiona bahari Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Kampala, haiendi kustarehe tu. Inakwenda kuzirudisha siku zilizopotea.

Hata hivyo, wengi hupanga kila kitu isipokuwa mahali pa kufikia. Tiketi za basi hukatwa mapema, nguo za watoto hushonwa, lakini mtaa wa kulala huachwa uchaguliwe kituoni, kwa maneno ya kijana wa kwanza atakayeipokea mizigo. Hapo ndipo likizo huanza kuharibika. Mtaa ndio uamuao kama siku zitatumika ufukoni au barabarani.

Yafaa kwanza kuufahamu mji wenyewe. Katikati ya Mombasa ni kisiwa. Aendaye kaskazini hupita Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980. Atokaye bara huingia kwa njia ya Makupa. Na waendao kusini wengi wao huvuka kwa feri ya Likoni. Asubuhi na jioni, watu wanapokwenda kazini na kurudi, njia hizo hujaa. Kwa hiyo swali la kwanza si bei ya chumba, bali ni hili: kutoka kitandani hadi kwenye jambo lililowaleta, familia itavuka maji mara ngapi kila siku?

Mji wa Kale unawafaa wale wanaopenda kuona historia. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ipo hapo hapo, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Vichochoro ni vyembamba, milango ni ya nakshi, na asubuhi mahamri na mbaazi hupatikana bila kwenda mbali. Lakini hakuna ufuko wa watoto kuogelea, na ngazi za nyumba za zamani zaweza kumchosha mama mwenye mtoto mgongoni. Wageni huheshimiwa wanapovaa kwa stara. Kanga moja ya ziada katika mkoba wa mama haitakuwa mzigo.

Kizingo, upande wa kusini mashariki wa kisiwa, kuna upepo mzuri. Jioni watu huketi Mama Ngina wakila mihogo ya kukaanga na kutazama meli kubwa zikiingia bandarini. Hapo pia ni pa kutazama bahari, si pa kuogelea.

Nyali, ng'ambo ya daraja, ni kutulivu, lakini nyumba zake nyingi ni za gharama, na aghalabu duka liko mbali na mlango. Mbele yake ni Bamburi, penye ufuko wa watu wote uitwao Jomo Kenyatta. Karibu yake kuna Haller Park, ambako machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji yalianza kupandwa miti mwaka 1971, na leo watoto huona twiga, viboko na kobe wakubwa. Likoni nako kuna ufuko wake, na anayekwenda kwa miguu halipi nauli ya feri. Lakini kila haja ya mjini itapitia kwenye msongamano ule ule. Mtwapa, mbele zaidi kaskazini, hujulikana kwa muziki wa usiku. Vijana wataupenda, mtoto mchanga hataupenda.

Chukulia mfano wa koplo mwenye mke na watoto watatu waliofikia umri wa kulipiwa nauli. Amepata chumba cha bei nafuu Likoni, naye anafurahi. Lakini watoto wanataka ufuko na wanyama wa Bamburi. Ikiwa watapanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, watu 5 watalipa nauli 20 kwa siku moja. Kwa siku 6 ni nauli 120, achilia mbali saa za kusimama kivukoni na watoto wenye usingizi. Chumba kilichoonekana rahisi kimekuwa ghali. Koplo huyo huyo, kama familia yake ingetaka ufuko wa Likoni peke yake, angekuwa amechagua vyema kabisa. Mtaa haupimwi kwa sifa yake, hupimwa kwa haja ya wanaofika.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa Ziwa Victoria hawalizoei. Bahari ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Mahali ambapo mtoto aliokota makombe asubuhi, jioni paweza kumfunika. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti hiyo huwa kubwa zaidi. Familia inayolala mbali hufika saa sita mchana ikakuta maji yameondoka, kisha huondoka wakati maji yanarudi. Inayolala karibu husubiri nyumbani, watoto wakalala kidogo, ikatoka saa inayofaa. Wavuvi na wenye mashua huzijua saa hizo, nao huulizwa kabla ya mtoto yeyote kuvua viatu. Hata maji yakiwa mafupi, viatu vya mpira hukinga miguu na miiba ya viumbe vya baharini.

Kabla ya kulipia nyumba, mama asione haya kuuliza juu ya maji ya bomba. Mombasa huvuta maji yake kutoka mbali, mengine kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200, na mitaa mingi hukaa siku kadhaa bila maji. Visima vingi navyo vina chumvi. Aulize kama kuna tangi, kama kuna chandarua, maana malaria ipo, na kama taa za njiani huwaka usiku. Aulize pia habari za jiko. Mama akihamisha jiko lake kutoka kambini hadi pwani, akapika mara tatu kwa siku, likizo hiyo ni ya wengine, si yake. Heri mtaa wenye vyakula vya kununua karibu.

Majira nayo yana neno. Likizo ya shule ya mwezi Mei huangukia katika mvua kubwa za Mombasa. Desemba hali ni nzuri, lakini vyumba hupanda bei. Ile ya Agosti na Septemba ina hewa ya wastani, na mara nyingi huwafaa wenye mfuko mdogo.

Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda aweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa. Watoto wasio nacho wanahitaji hati zao, na ofisi ya uhamiaji iulizwe mapema, pamoja na habari za cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Askari na apate kibali cha mkuu wake kabla ya kuvuka mpaka, na sare aiache kambini. Apitapo bandarini au karibu na kambi za jeshi la wanamaji, kamera ikae mfukoni.

Mambo haya yote yafaa kuzungumzwa nyumbani kabla ya tiketi kukatwa, mama akiwapo na watoto wakubwa wakisikiliza. Kila mmoja aseme jambo moja alilolikusudia zaidi. Kisha itazamwe ni mtaa upi ulio karibu na mengi kati ya hayo, ambako aliye mdogo kuliko wote ataweza kutembea bila kubebwa. Fedha iliyotumika vibaya yaweza kupatikana tena kwa mshahara ujao. Siku za baba na wanawe hazilipwi na mhasibu yeyote.