Bastola Kuukuu na Imani ya Hatari

Juma lililopita nilikwenda katika uwanja wa shabaha kuijaribu bastola niliyoinunua, kwa kibali halali, kutoka kwa aliyeimiliki kabla yangu. Ni Browning Hi-Power, ya aina iliyoanza kuundwa na kampuni ya FN nchini Ubelgiji mnamo 1935; kasha lake hubeba risasi 13 za milimita 9. Kuhusu shabaha sina lalama. Risasi zilikusanyika pamoja, kushoto kidogo tu, na mpini ukakaa mkononi kana kwamba ulichongewa kiganja changu.

Lililonishtua ni jingine. Bastola hii ilibuniwa isifyatuke kasha likiondolewa. Kabla ya kupiga hata risasi moja nililitoa kasha, nikahakikisha chemba ni tupu, nikaelekeza mtutu kwenye ukingo wa udongo na kuvuta kifyatulio. Nyundo ikaanguka! Kumbe kizuizi kilikwisha kung'olewa, yamkini ili kifyatulio kiwe chepesi, jambo wapendalo walengaji wengi. Muuzaji hakunidokezea.

Ndugu msomaji, wako wanaoamini kwamba bastola isiyo na kasha ni chuma kitupu. Risasi moja iliyosalia kwenye chemba haihitaji kasha, na nyumbani mna watoto. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humpima anayeomba kibali, na ni haki. Mimi nasema muuzaji naye alazimishwe kueleza kwa maandishi kila kipande alichobadilisha au kukiondoa.

Yangu iko kwa fundi. Haitaingia nyumbani kabla kizuizi hicho hakijarejeshwa.