Viza ya Mchumba na Ridhaa ya Ndoa: Maswali Mawili Yasiyofanana



Zamani wachumba walifika katika ofisi ya parokia wakiwa na vyeti vya ubatizo, barua ya Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo na wazazi au mshenga pembeni yao. Siku hizi tunapokea pia wachumba wa namna nyingine: mmoja ameketi mbele yetu, mwenzake yuko kwenye simu akiongea kutoka ng'ambo, na juu ya meza kuna bahasha yenye tiketi za ndege, picha za siku ya mahari na taarifa za benki. Wanaomba viza ili waweze kuoana.

Mmoja wao alikuwa binti muuguzi, mwamini mwema anayejulikana katika jumuiya yake. Mchumba wake ni raia wa Uingereza mwenye asili ya hapa kwetu, na kazi yake ni kuwahudumia wazee. Binti huyo hakuja kuomba maandalizi ya ndoa. Alikuja kuomba barua inayothibitisha kwamba ndoa yao itafungwa katika tarehe fulani. Tulipomuuliza ni nani aliyeichagua tarehe hiyo, akatabasamu kwa uchovu na kusema: "Padre, tarehe imechaguliwa na viza."

Jibu hilo linagusa kiini cha jambo tunalopenda kulitafakari pamoja nanyi. Serikali inawauliza wachumba swali lake, na Kanisa linauliza la kwake. Wachumba wengi wanadhani maswali hayo ni mamoja. Wakijibu la serikali, wanaona wamekwisha kulijibu la Kanisa, na hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Serikali inauliza nini?

Uingereza humpa mchumba viza ya miezi 6, na ndoa inapaswa kufungwa ndani ya muda huo. Katika miezi hiyo haruhusiwi kufanya kazi. Wote wawili wawe wametimiza miaka 18, wawe wamekwisha kuonana ana kwa ana, na waoneshe kwamba uhusiano wao ni wa kweli. Mwombaji apimwe Kiingereza, na anayetoka Tanzania au Kenya apimwe pia kifua kikuu. Kisha kuna sharti la kipato: tangu tarehe 11 Aprili 2024, aliye Uingereza anatakiwa kwa kawaida kuwa na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2012, kiwango kilikuwa pauni 18,600.

Marekani nayo ina viza ya mchumba iitwayo K-1. Anayeomba kwa niaba ya mwenzake lazima awe raia. Kwa kawaida wawe wameonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya kuwasilisha maombi, na mchumba akishaingia nchini, ndoa ifungwe ndani ya siku 90 na raia yuleyule aliyemwombea. Siku hizo zikipita bila ndoa, anapaswa kuondoka.

Tukiyatazama masharti haya kwa haki, tunaona kwamba serikali inataka kujua kama uhusiano ni wa kweli na kama kuna fedha ya kuutunza. Ina haki ya kuuliza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakiri kwamba mamlaka ya nchi yaweza kuweka masharti ya kisheria juu ya wahamiaji kwa ajili ya manufaa ya wote.

Kanisa linauliza nini?

Kanisa linauliza juu ya ridhaa. Kadiri ya kanuni ya 1057 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa, ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili hao, na hakuna mamlaka yoyote ya kibinadamu iwezayo kuziba nafasi yake. Katika Kitabu cha Mwanzo, mtumishi wa Abrahamu alisafiri mbali kumtafutia Isaka mke. Mahari ilikwisha kutolewa na wazee walikwisha kukubaliana, lakini Rebeka hakusindikizwa mpaka alipoitwa na kuulizwa mwenyewe kama yuko tayari kwenda. Ndoa ya kuvuka mipaka si jambo geni katika historia ya wokovu, na tangu hapo swali la ridhaa lilitangulia safari.

Kwa sababu hiyo tunapenda waamini wazifahamu kanuni mbili. Ya kwanza ni kanuni ya 1102, isemayo kwamba ndoa haiwezi kufungwa kihalali kwa sharti la jambo lijalo. Anayesimama altareni huku moyoni ameazimia, "Huyu ni mwenzi wangu endapo tu viza itatoka," hafungi ndoa, hata kama kwaya imeimba na keki imekatwa. Uchumba waweza kungoja viza, tena waweza kuvunjwa kwa sababu nzito, kwa maana ahadi ya kuoana haimlazimishi mtu kuoa. Ridhaa ya altareni haingoji chochote.

Ya pili ni kanuni ya 1101. Anayetamka maneno ya ridhaa huku kwa utashi wake ameikataa ndoa yenyewe, akitaka hati ya ukaazi tu, ndoa yake ni batili. Mbele ya watu ataitwa mume au mke. Siku atakapotaka kufunga ndoa ya kweli na mtu mwingine, atalazimika kwanza kwenda mbele ya Mahakama ya Kanisa kuthibitisha kwamba alidanganya mbele ya altare. Tumewaona watu wazima wakilia kwa sababu ya karatasi waliyoitafuta katika ujana wao.

Mahali maswali haya yanapogongana

Mgongano wa kwanza ni wa muda. Majimbo mengi ya Marekani huwataka wachumba waanze maandalizi angalau miezi 6 kabla ya ndoa, ilhali viza inatoa siku 90. Wachumba wakishikwa na haraka hukimbilia ndoa ya serikali na kusema, "Kanisani tutakwenda baadaye." Kwa Wakatoliki, ndoa isiyofungwa kwa utaratibu wa Kanisa bila ruhusa si ndoa halali mbele ya Kanisa. Hiyo "baadaye" tumeiona ikifika miaka 10, watoto watatu wamezaliwa, na wazazi wao hawapokei Komunyo Takatifu.

Mgongano wa pili ni wa ukweli. Mapadre tunaombwa barua, na wakati mwingine tunaombwa kuandika tusiyoyajua. Barua ya paroko ni ushuhuda, na amri ya nane inamfunga paroko kama inavyomfunga mwamini. Tutaandika kwamba wachumba wameanza maandalizi ikiwa wameyaanza, na tarehe tutaitaja ikiwa imekwisha kupangwa.

Mgongano wa tatu unaihusu serikali yenyewe. Mwaka 1983 Kiti Kitakatifu kilitoa Hati ya Haki za Familia, na kifungu chake cha 12 kinatetea haki ya wafanyakazi wahamiaji kuunganishwa na familia zao mapema iwezekanavyo. Kipimo cha pauni 29,000 kinamhukumu mtu kwa mshahara wake. Yule kijana anayewalisha na kuwaogesha wazee wa Uingereza aweza kuambiwa kwamba kipato chake hakitoshi kuishi na mke wake mwenyewe. Kanisa haliwezi kulinyamazia jambo hilo. Kuwa na mke na kuishi naye chini ya paa moja si anasa ya wenye mishahara mikubwa.

Wachumba wafanye nini?

Kwanza, waje parokiani kabla ya kujaza fomu za viza. Mafundisho ya ndoa yaweza kuanza hapa, na mwenzake akayapata kule aliko. Kanuni ya 1070 inaelekeza kwamba aliyefanya uchunguzi wa wachumba ampelekee paroko husika matokeo yake kwa hati rasmi. Maandalizi yakikamilika kabla ya safari, miezi 6 au siku 90 zitatosha.

Pili, watafakari uwezekano wa kufunga ndoa nyumbani, kisha waombe viza kama wanandoa. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21, na matangazo ya ndoa kanisani yanaweza kwenda sambamba nayo. Faida yake ni kwamba wazazi na jumuiya wanashuhudia, na ridhaa haisukumwi na saa ya uhamiaji. Lakini tusifiche gharama yake. Wanandoa wana wajibu na haki ya kuishi pamoja, na kungoja viza kwaweza kuwatenganisha kwa miezi mingi. Wasioweza kuubeba msalaba huo, afadhali wangoje wakiwa wachumba.

Tatu, wazazi wasiwasukume watoto wao kwa sababu ya matumaini ya fedha za kutoka ng'ambo. Jumuiya nazo zisiwacheke wale ambao viza zao zimekataliwa. Kukataliwa viza si aibu, wala si ishara kwamba Mungu ameukataa uchumba wao.

Yule binti hatukumpa barua siku ile. Tulimpa ratiba ya mafundisho, naye mchumba wake akaanza ya kwake katika parokia ya huko. Baada ya miezi kadhaa tuliandika barua yenye ukweli mtupu, tena ikawa ndefu kuliko ile aliyoiomba mwanzoni. Mpaka leo viza haijatoka, na kipato cha kijana bado kinahesabiwa. Lakini tulipomuuliza tena kama yuko tayari, hakutaja tarehe. Alimtaja mtu.

Tuwaombee wachumba wote waliotenganishwa na mipaka ya nchi, kwa maombezi ya Familia Takatifu, iliyoujua ugeni kule Misri. Mungu awabariki.