Wazazi, Watoeni Watoto Wakaione Nchi

Muulize mtoto wa miaka sita katika kijiji chochote kinachopakana na hifadhi, iwe Itilima, Busega au hapa Bariadi, tembo ni mnyama wa namna gani. Atakusimulia habari za usiku: madebe yanagongwa, tochi zinamulika, baba yuko shambani na mama amefunga mlango. Atakusimulia mahindi yaliyokanyagwa. Yote hayo ni kweli tupu. Lakini muulize kama amewahi kumwona tembo mchana, ametulia, ananyonyesha ndama wake, naye atakukodolea macho kana kwamba umemuuliza habari za ng'ambo.

Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Serengeti ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951. Ukubwa wake unapita kilometa za mraba 14,000, na tangu 1981 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni wanavuka bahari kuja kuiona. Sisi wa Simiyu hatuna bahari ya kuvuka. Lango la Ndabaka liko kando kabisa ya barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, jirani na Lamadi, na kutoka Bariadi hadi Lamadi ni lami mwanzo hadi mwisho. Tunalipita lango hilo tukienda msibani, tunalipita tukienda mnadani, watoto wamelala mapajani mwetu, wala hatuwaamshi.

Basi watoto wetu tunawapeleka wapi? Tuseme ukweli. Idd na Krismasi zikifika tunawavalisha nguo mpya, tunawapa mia tano mia tano, tunawaacha waende zao. Mkubwa wa miaka tisa anamshika mkono mdogo wa miaka minne, wanaishia kwenye ukumbi wa pombe ulioweka bembea moja na muziki wa kupasua masikio. Tumesahau Tabora? Siku ya Idd el Fitr, Oktoba 2008, watoto wapatao ishirini walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana ndani ya ukumbi wa disko toto. Tangu hapo kila sikukuu ikikaribia tunasikia polisi wakipiga marufuku disko toto. Marufuku ni jambo jema, lakini mtoto aliyekatazwa pa kwenda asipoonyeshwa pengine, atatafuta mwenyewe.

Pengine papo, tena bila nauli.

Mwaka jana, pamba ikiwa imekwisha kuvunwa, nilikuwa nyumbani Binza, wilayani Maswa. Nikamchukua mjukuu wangu wa miaka minne tukaenda kwenye ngitili ya familia. Safari yenyewe haikuzidi nusu saa kwa miguu yake mifupi. Nilikusudia kumwonyesha ndege. Yeye hakuwa na habari na ndege. Aliona mdudu mweusi anaviringisha donge la kinyesi cha ng'ombe, kichwa chini, miguu ya nyuma juu, anarudi kinyumenyume kama mtu anayesukuma mkokoteni kwa visigino. Mtoto akachuchumaa. Donge likakwama kwenye shina la nyasi, mdudu akashuka, akalizunguka, akarudi kulisukuma upande mwingine. "Guku, anapeleka wapi?" Guku ndiye babu huku kwetu. Nikamwambia anakwenda kulifukia, na jike atataga yai humo ndani, na mtoto atakayetoka atakuta chakula tayari. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama yake amempikia?" Tulikaa pale hadi jua likatuhamisha.

Tuliporudi, alimweleza bibi yake, shangazi zake, na kila aliyepita uani. Mtoto yule kwa kawaida haongei mbele ya watu.

Nimetaja ngitili kwa makusudi. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kutenga kipande cha malisho, kikafungwa wakati wa mvua ili majani yakue, kikafunguliwa wakati wa kiangazi ng'ombe wanaposhikwa na njaa. Kisha ukaja ufyekaji mkubwa: miti iliondolewa kufukuza mbung'o, ikaondolewa tena kupisha pamba, nchi ikabaki uchi. Ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, Maswa, Bariadi na Meatu zikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, wataalamu walifanya jambo la busara: waliirudia desturi ileile ya ngitili. Miti ikachipua kwenye visiki, ndege wakarudi. Leo ngitili nyingi zinatazamwa kama malisho na kuni tu. Mimi nasema ni bustani za watoto wetu. Mzazi asiyekuwa na shilingi ya kwenda Lamadi anayo ngitili, anao mti wa ukwaju, anayo majabali ambayo pimbi huotea jua asubuhi.

Nimekwisha kusikia majibu ya wazazi. La kwanza: mtoto wa miaka mitatu hatakumbuka. Ni kweli, hatakumbuka. Hatakumbuka pia uji tuliomlisha akiwa na miaka mitatu, wala hakuna mama aliyeacha kuupika kwa sababu hiyo. La pili: kazi ni nyingi. Nakubali kwamba wakati wa palizi hakuna mtu wa kutoka. Lakini kuanzia Juni, pamba ikielekea ghalani, baba mmoja anaweza kukaa kijiweni Jumapili nzima, kisha akasema hana nafasi. Na hapa nawasema akina baba hasa. Mama yuko na watoto kila siku. Matembezi haya yasiwe mzigo mwingine juu ya mgongo wake. Wewe baba mbebe mtoto mabegani.

La tatu ni fedha, nalo si dogo. Hata hivyo wengi wetu tumeogopa bei ambayo hatujaiuliza. Mtanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na mgeni, na mtoto wa chini ya miaka mitano hupita bure. Kinachokula fedha ni gari. Familia tatu zikichangia gari moja, gharama yake haifiki ile tunayoitoa kwenye sare ya harusi moja.

Mkienda, nendeni kwa akili. Tokeni alfajiri, maana wanyama hujificha jua likikaza, na mtoto mdogo akichoka saa sita hakuna atakayefurahi. Msimvalishe nguo nyeusi wala ya bluu. Rangi hizo zinaita mbung'o. Kwenye ufukwe wa Lamadi mtoto aangalie mitumbwi na dagaa walioanikwa, lakini asiingie majini, kwa sababu kichocho kimo, na penye matete huwezi kujua nini kimelala. Bebeni maji ya kutosha, bebeni matobolwa na karanga. Na mtoto akitaka kutazama chungu badala ya simba, mwacheni amtazame chungu.

Halmashauri nazo zina deni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika kuwa haki ya mtoto, pamoja na chakula, mavazi, matibabu na elimu. Atacheza wapi, ikiwa kila kiwanja cha wazi mjini kinageuka kuwa vibanda? Tunao uwanja wa Nyakabindi, ulioandaa Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020. Kila aliyefika anajua watoto wanavyong'ang'ania mabanda yenye mifugo na vipando, hata kuwaondoa ni kazi. Zikipita siku hizo za Agosti, uwanja unarudi kimya. Ipandwe miti ya kivuli pembeni, yawekwe mabenchi na bembea imara, familia zifunguliwe geti mwisho wa juma. Haihitaji mfadhili. Inahitaji diwani mmoja mwenye watoto wadogo asimame kwenye kikao aseme.

Kwa upande wangu nimekwisha kuzungumza na majirani wawili. Mwezi wa saba tutakodi Noah moja tuingie Ndabaka, watoto saba na watu wazima wanne, kila nyumba inapika chakula chake. Mjukuu wangu ameniuliza kama huko Serengeti wapo wale wadudu wa kusukuma donge. Nimemwambia wapo, tena huko wanasukuma kinyesi cha tembo. Sasa anataka tuondoke kesho.