Saa Tatu Usiku Mwitongo: Kiswahili na Hitilafu za Programu za Spektra

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi umeendeshwa kwa miaka mingi kama mjadala wa nomino. Kazi iliyofanyika kwa njia hiyo si haba. Mwaka 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo, programu inayofanya kazi vizuri haihitaji maneno mengi. Mtumiaji huhitaji lugha pale inapogoma, naye akataka kujua imegoma kwa sababu gani na afanye nini. Makala haya yanadai kwamba eneo hilo la ujumbe wa hitilafu limeachwa nyuma, na kwamba mapengo yake hayatazibwa na orodha nyingine ya istilahi.

Mfano unaofaa ni uchanganuzi wa mwanga wa nyota. Kwa darubini ndogo, kamera na spektrografu, mtazamaji wa ridhaa siku hizi anaweza kuupasua mwanga wa nyota na kuupima mstari wa hidrojeni ulioko kwenye angstromu 6563. Mwitongo, Butiama, pangekuwa mahali pazuri kwa kazi hiyo. Pako chini ya digrii mbili kusini mwa Ikweta, hivyo mwanzoni mwa Desemba, mawingu ya vuli yakiruhusu, Gamma Kasiopea huonekana upande wa kaskazini huku Achernar ikionekana kusini, kwa wakati mmoja. Zote mbili ni nyota za aina ya Be, ambazo mstari wao wa hidrojeni huweza kung'aa badala ya kuwa mweusi, tena hubadilika. Gamma Kasiopea ndiyo ya kwanza kutambuliwa kuwa na tabia hiyo, na aliyeitambua ni Secchi, mwaka 1866. Hifadhi ya BeSS iliyoko Paris hupokea spektra za nyota hizo kutoka kwa wataalamu na watazamaji wa ridhaa vilevile, mradi faili lieleze kwa usahihi mahali na wakati lilipopigwa.

Wakati ndipo penye tatizo. Achukuliwe mtazamaji aliyepiga picha saa tatu usiku. Programu inamtaka aandike saa, naye anaandika 3:00. Kwa programu, hiyo ni saa ya kimataifa, UTC, yaani saa kumi na mbili asubuhi kwa Afrika Mashariki, na wakati huo Gamma Kasiopea imekwisha kuzama. Programu inayokokotoa kimo cha nyota, ili ikadirie unene wa hewa ambayo mwanga umepitia, inapata kimo hasi. Ikiwa imeandikwa kwa uangalifu, itakataa kuendelea. Ikiwa haikuandikwa hivyo, itaendelea kimya na kutoa jibu bovu, jambo ambalo ni baya zaidi. Saa sahihi ilikuwa 18:00.

Tarehe nayo ina mtego wake. Katika hesabu ya asili ya Waswahili siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Jumamosi ni ule unaotangulia Jumamosi yenyewe. Kalenda ya ofisini hubadilisha siku usiku wa manane. Wanajimu kwa upande wao hutumia hesabu ya Julian, ambayo siku yake huanza adhuhuri ili usiku mmoja wa kazi usikatwe vipande viwili. Mtu anayeishi na hesabu hizo hakosi akili anapokosea siku nzima. Fomu ndiyo haikumuuliza swali linaloeleweka.

Ni jambo la kukumbukwa kwamba Mwitongo ndiko alikozikwa, Oktoba 1999, mtu aliyelazimika kulikabili suala hili mezani kwake. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963 kuna saa inayogonga mara tatu usiku, na yeyote anayeitafsiri hana budi kuamua iwe saa tatu au saa tisa. Mfasiri wa programu anakabiliwa na uamuzi uleule, ila yeye hupewa orodha ya maneno yaliyong'olewa katika muktadha wake.

Madhara ya orodha hizo yanaonekana pia katika sarufi. Waandishi wa programu huandaa sentensi yenye nafasi tupu, kisha nomino yoyote ikapachikwa humo. Kwa Kiingereza kitenzi hakitikisiki. Kwa Kiswahili picha haikupatikana, mstari haukupatikana, faili halikupatikana, kipimo hakikupatikana. Kiolezo kimoja hakiwezi kuzihudumia ngeli zote, na matokeo yake ni Kiswahili kinachomfanya msomaji akitilie shaka chombo chenyewe. Vivyo hivyo, neno moja la Kiingereza hubeba kosa la mtumiaji, hitilafu ya chombo na dosari ya data. Kiswahili kinavyo vyote vitatu, tena vikitenganishwa vizuri, lakini tafsiri nyingi huandika "kosa" kila mahali na kumtwisha mtumiaji lawama isiyo yake.

Hata tahajia haikusalimika. Faili za FITS, ambazo wanajimu huhifadhia picha na spektra, hufunga maneno kwa alama ileile inayotumika katika ng'. Mtazamaji wa Nyang'hwale asipoiandika mara mbili, jina la mahali pake hukatika katikati.

Wapo watakaosema kwamba sayansi ya sekondari nchini Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo ujumbe wa Kiingereza unatosha. Hoja hiyo ina uzito kiasi, na hakuna anayependekeza majina ya ndani ya FITS yatafsiriwe. Lakini haigusi tatizo la saa. Mhitimu anayesoma Kiingereza bila kusitasita bado huhesabu usiku wake kwa Kiswahili, na mkono wake utaandika 3.

Idara za Kiswahili zinaweza kuifanya kazi hii pamoja na idara za fizikia, kwa kuanza na hitilafu chache zinazojirudia na kuziandika upya kama sentensi kamili. Ile ya Mwitongo ingeweza kusomeka hivi: "Kwa saa uliyoandika, 03:00 UTC, nyota hii iko chini ya upeo wa macho. Je, picha ilipigwa saa tatu usiku? Kama ndivyo, andika 18:00, kisha hakiki tarehe."