PENNSYLVANIA SI KAUNTI YAKO



Novemba 2024 mlikesha mkihesabu kura za Marekani. Mnajua mgombea anahitaji wajumbe 270 kati ya 538. Mnajua 2016 Hillary Clinton alipata kura nyingi za wananchi na bado akashindwa. Sawa. Sasa mpendwa nikuulize: hapa Nakuru umejiandikisha?

Usiniambie siasa ni uchafu. Mwaka 1988, kwenye mchujo wa KANU, Wakenya walipanga mlolongo nyuma ya wagombea, kila mtu akionekana. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikemea bila kuogopa. Leo una kura ya siri, Kifungu cha 38 cha Katiba kinakupa haki hiyo, nawe unaiacha ukifunga na kuomba kwa ajili ya Trump?

Na wewe unayeuza kura kwa mia mbili: Esau naye alikuwa na njaa tu.

Januari 2008 damu ilimwagika mitaani Nakuru. Kura ya hapa ikiharibika, anayekimbia na watoto ni wewe, si mtu wa Washington. Yeremia 29:7 inatuagiza kuuombea mji tunaokaa. Omba. Ukisema amina, chukua kitambulisho uende IEBC.