Sinema si Uhuni, wala Kuhakiki si Ukaidi

Wasomaji wetu, lipo neno linalosemwa sana na wazee vijijini, na hata na walimu wenzetu, ya kwamba kijana apendaye mambo ya sinema amekwisha potea. Akisema ataka kujifunza kutunga hadithi za picha, au kushika kamera, au kuandika hukumu yake juu ya picha alizozitazama, baba humjibu kwamba ng'ombe wa karo wameuzwa bure. Sisi hatulikubali neno hili. Twaona lina madhara, wala madhara yake si kwa kijana mmoja tu.

Kwanza, tusidanganyane: picha hazizuiliki. Zamani mtu hakuwa na budi kwenda mjini na kulipa kiingilio. Baadaye yakaja mabanda ya video hata njia panda za vijijini. Sasa picha imo ndani ya simu, na mtoto huitazama usiku chini ya blanketi. Basi mzazi akatazaye hakatazi kutazama. Akatazacho ni kuyazungumza yaliyotazamwa. Mtoto ataendelea kula, ila atakula gizani asione anachokula.

Tena twastaajabu, kwa maana watu wetu ni mahodari wa kuhakiki. Waumini wakitoka kanisani Jumapili, kabla hawajafika mtoni wamekwisha ipima hotuba: hapa mhubiri alirefusha, pale alisahau alikotoka. Yakiwapo mashindano ya kwaya watu hubishana wiki nzima juu ya sauti ya tatu, na mwalimu wa kwaya haitwi mhuni, bali huletewa kuku. Ikiwa yafaa kupima wimbo, kwa nini isifae kupima picha, ambayo yaonwa na watu wengi kuliko wimbo wowote wa kwaya?

Labda mtu atasema, Haya ni mambo ya michezo, hayana uzito. Na tumjibu kwa habari iliyotukia nchini mwetu. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la New York, lilianzisha jaribio la kutengeneza picha za sinema kwa ajili ya watu wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Hata kufika mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa picha 35, nyingine juu ya akiba ya posta, nyingine juu ya minyoo ya safura, nyingine juu ya udongo unaochukuliwa na mvua. Lori lenye mashine likazichukua Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Hatuidharau kazi ile. Walioianzisha walitaka mema, nao Waafrika walicheza katika picha zile na kusaidia kazi zake. Lakini hadithi ipi ifaayo iliamuliwa na wageni, na mtazamaji alihesabiwa kuwa mwanafunzi wa kupewa somo, basi.

Yaliyofuata ni mabaya zaidi. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Idara ya Filamu za Makoloni, na mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba mwanakijiji wa Afrika hawezi kuifuata picha iendayo mbio. Ati kila tendo lionyeshwe polepole, tangu mwanzo hata mwisho, bila kuruka, kama mtu amfundishaye mtoto kuhesabu vidole. Na miaka hiyo hiyo watu wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakijaza nyumba za sinema, wakitazama picha za Kihindi na za Kimarekani, wakicheka na kulia mahali panapostahili! Hukumu yao ilikuwepo, tena kali. Lakini ilikuwa vinywani, haikuwa karatasini. Watu wasioandika habari za picha wanazozitazama, wengine wataandika habari zao, nao hawatakuwepo wakisomwa.

Sasa tutazame kwingine. Katika Ufaransa palikuwa na kijana, jina lake François Truffaut, aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 14. Kazi yake ilikuwa kutazama sinema mchana na usiku, naye alifika hata kufungwa. Mzee mmoja wa wahakiki, André Bazin, alimchukua akamlea na kumpa mahali pa kuandika. Mwaka 1954, akiwa hata miaka 22 hajafika, akaandika katika jarida la Cahiers du cinéma makala iliyowakemea wakubwa wa sinema ya nchi yake. Alikuwa mkali hata mwaka 1958 tamasha la Cannes likamnyima mwaliko. Mwaka wa pili yake akarudi pale pale na picha yake mwenyewe, akapewa tuzo ya mwongozaji bora. Angalieni mfuatano huo: kwanza alitazama, kisha akahakiki, ndipo akatenda. Wala hatusemi vijana waache shule. Twasema Bazin hakumwita mhuni.

Mkiona Ufaransa ni mbali, mtazameni Ousmane Sembène wa Senegali, aliyekuwa mpakuzi wa meli huko Marseille, kisha mwandishi wa vitabu. Aliona watu wake wengi hawawezi kusoma Kifaransa alichoandika. Basi, akikaribia umri wa miaka 40, alikwenda Moscow kujifunza sinema. Mwaka 1968 picha yake Mandabi ilinena Kiwolofu. Na Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitoa mwaka 2010 picha ya vita kwa fedha ambazo hazitoshi kununua pikipiki, nayo imetazamwa duniani kote. Ndani yake imo sauti ya mtu akiieleza, akiitania na kuihukumu picha yenyewe inapokwenda. Dar es Salaam nako alikuwepo Derek Mukandala, aitwaye Lufufu, aliyezieleza picha za kigeni kwa Kiswahili mabandani. Wasomi walicheka. Sisi twamhesabu Lufufu miongoni mwa wahakiki, ingawa hakuwa na kalamu.

Baba atauliza, Atakula nini? Swali ni la haki, wala hatutamdanganya. Wengi waliotaka sura zao zionekane wamebaki maskini, na wezi wa kunakili picha wamewanyang'anya hata waliopata. Lakini nyuma ya uso mmoja unaoonekana wako wengi wasioonekana: mwenye kunasa sauti, mwenye taa, mshonaji wa mavazi, mhariri akataye na kuunga vipande. Hawa ni mafundi kama seremala, na ufundi wao hufundishwa. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo kimekuwepo tangu mwaka 1981. Baba aliyempeleka mwanawe kwa fundi cherehani hana sababu ya kuona haya kwa fundi wa sauti.

Ninyi vijana nanyi, msifurahi upesi. Kuna desturi mbaya kwenu: mtu akisema picha yenu ina kasoro, mwamwita mwenye wivu. Steven Kanumba alipofariki mwaka 2012, akiwa na miaka 28 tu, Dar es Salaam ilifurika waombolezaji. Maombolezo tuliyasoma mengi. Makala za kuzipima kazi zake, jema na baya, tuliziona kwa nadra. Hiyo si heshima kwa msanii. Fundi anayesifiwa kila meza hata mguu mfupi ukiyumba, amefanyiwa dhihaka.

Walimu wenzetu, katika shule nyingi iko televisheni moja, imefungiwa ofisini, hufunguliwa siku ya mpira. Twaomba ifunguliwe mara moja kwa mwezi, ionyeshwe picha moja iliyochaguliwa vema, na kesho yake kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja: nani anasimulia, anamtetea nani, amenyamaza wapi. Wakubwa wakiuliza somo hilo limo wapi katika ratiba, wajibuni kwamba limo katika Kiswahili, kwa kuwa uhakiki wa tamthilia na riwaya wafundishwa humo tangu zamani.